Poda ya Maharagi Nyeusi

Kingi, tarehe 3 Machi 2024

Mudogo wangu Séraphin,

Natumaini karatasi hii itakukuta na nguvu, huko Kampala kwenye umeme haikosi. Huku tuko. Mvua imeanza, Mama Constance hapa nyumbani anakohoa lakini anapika, mbuzi ya Papa imezaa mapacha, moja ikakufa. Simu usijaribu, antenne ya huku bado imenyamaza tangu mwaka juzi, njo maana tunabaki na kalamu. Barua naipa shoferi wa Masisi, itazunguka na mashua ya Minova juu vita imefunga barabara ya Sake. Ikikufikia Pasaka, shukuru Mungu.

Sasa sikia neno yangu. Papa amelala ndani ya udongo tangu tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na mbili, na mimi sijanyoa. Unajua desturi ya nyumba yetu. Siku ya kuondoa kilio, mbele wembe iguse kichwa ya mutu, muzee anauliza: nani iko na neno juu ya kifo hiki? Mutoto wa kwanza njo anajibu. Akisema hakuna neno, kwisha, hakuna mutu atafungua kinywa tena mpaka mwisho wa dunia. Akitaja jina, yule mutu hapewi moto wala chumvi ku nyumba yetu, na hakanyagi kaburi. Mutoto wa kwanza ni mimi. Na jina ninayo.

Katembo. Yule wa Kashebere, mwenye duka na pikipiki tatu, mwenye kwenda misa na shati nyeupe. Alimuuzishia Papa poda ya maganda ya maharagi nyeusi ndani ya makopo ya maziwa, na ku ukuta ya duka amebandika karatasi kubwa: SAVANT WA LABO WAMEHAKIKISHA, INAUA KANSA YA UTUMBO. Papa alikuwa na siku ya operesheni, dokta alimuandikia na kalamu nyekundu. Hakuenda. Alikunywa ile poda asubuhi na mangaribi, vijiko vitatu vitatu, mpaka tumbo ikakuwa ngumu sawa ngoma. Siku tisa hakuenda choo. Wewe haukuona. Mimi njo nilimushika kichwa akitapika kitu yenye harufu ya choo, na aliniomba radhi, Séraphin. Papa aliniomba mimi radhi juu ya harufu.

Namutaka Katembo. Namutaka sawa mutu mwenye njaa anavyotaka ugali. Nimeisha kuongea na wamama wa Kingi, hakuna atakayemupelekea ata kikombe ya maharagi ya kusaga. Lakini haitoshi, anapata ya watu wengine. Wewe uko ndani ya labo, seli za kansa ya utumbo njo kazi yako ya kila siku, Papa aliimba habari hiyo mpaka watu wakachoka. Basi niandikie karatasi yenye muhuri: poda hii ni sumu. Nitaisoma mbele ya barza ya wazee, mbele ya mama yake Kavira, mbele ya padri wake. Nataka anione nikiisoma polepole.

Usikawie. Nywele inanikula kichwa.

Dada yako Vestine


Kampala, tarehe 12 Mei 2024

Dada Vestine,

Barua yako imefika ikiwa na alama za maji ya ziwa, lakini inasomeka. Estelle anakusalimia, mutoto wetu ameota meno mawili na anauma kila kitu. Mimi ni muzima, ila kazi ni nyingi, profesa anataka kitabu changu cha utafiti mbele ya mwisho wa mwaka. Njo sababu nimechelewa. Unisamehe.

Karatasi ya muhuri siwezi kuipata. Labo si yangu, muhuri ni wa profesa, na profesa hawezi kusema neno juu ya kopo la Kashebere ambalo hajalipima. Tena kusema sumu si kweli. Ile rangi nyeusi ya maganda ina vitu ndani yake ambavyo vinaua seli za kansa ya utumbo, hiyo tumeiona kwa macho. Lakini ni ndani ya kisahani cha plastiki, si ndani ya mutu. Watu wanachanganya mambo hayo mawili. Katembo naye alichanganya, maskini, hana masomo.

Nakuomba umuache. Nyoa nywele, dada yangu. Siku ikifika, sema hakuna neno. Papa alikuwa mutu wa amani, na vita tunavyo vya kutosha kwetu.

Nakutumia kitenge na dawa ya kikohozi ya Mama Constance.

Mudogo wako Séraphin


Kingi, tarehe 9 Juni 2024

Séraphin,

Tuko wazima. Kitenge imefika, rangi inanifaa. Mama Constance amekunywa dawa yote siku mbili juu alisema iko tamu, na amelala sawa jiwe. Mahindi ya chini imeoza na maji, ile ya juu inasimama.

Lakini wee, nimekuomba jiwe ya kurusha, unanitumia kitenge?

Tangu lini unajua masomo ya Katembo? Mimi sikukuandikia masomo yake. Wewe umetoka huku mbele afungue duka Kashebere, haujakula naye, haujamuona. Unamusemea sawa mutu wa nyumba yako. Mutu akimutetea mwenye kuua baba yake, ao ameokoka, ao kuna kitu anaficha. Na wewe ku kanisa tulikuwa tunakuvuta na mukono.

Basi naenda mwenyewe Kashebere. Tumbo inanisumbua tangu Pasaka, na choo inatoka na damu kidogo, nesi anasema ni minyoo. Mimi najua ni hasira. Hasira haizuie mutu kupanda pikipiki.

Vestine


Kingi, tarehe 30 Juni 2024

Séraphin,

Leo salamu hakuna. Habari ya mbuzi utaisikia siku ingine.

Nilifika Kashebere siku ya soko, nikakuta duka imejaa watu. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote. Nikaingia na nywele yangu hivi, mbaya, kila mutu akajua ni mutu wa kilio. Nikasema kwa sauti: Katembo, nimekuya kuangalia uso ya mutu aliyeua baba yangu na kopo ya maziwa.

Nilingoja anikatale, ao anifukuze, ningefurahi. Akasema tu: "Mama Vestine, ikala kwanza." Akatoa watu wote inje, na soko iko katikati ya biashara, akafunga mulango. Mama yake Kavira alikuwa anaikaa nyuma ya meza na kikombe mukononi. Unajua alikuwa anakunywa nini? Ile poda. Na yeye tumbo inamuluma, na yeye mutoto wake alimupa.

Nikamuuliza Katembo poda aliitoa wapi. Akaniangalia sawa mutu anayeona huruma, na mimi huruma ya Katembo sikuitaka.

"Ni Papa Léonard alileta," akasema. "Alikuya na gunia ya maganda ku pikipiki. Akasimama pale kwenye unasimama, akatoa barua, akaisomea wanunuzi wote. Alisema: mutoto wangu Séraphin amepata dawa, tena ni maharagi ya shamba yangu. Akaniomba nisage, nibandike karatasi, watu wapone. Ningemukatalia namna gani? Barua ilitoka labo."

Akaitoa. Iko ndani ya plastiki, sawa karatasi ya ubatizo. Ni mukono yako, hakuna mutu mwingine anayeandika herufi R namna ile. Mwezi wa tano wa mwaka uliopita. Nimeinakili, nakurudishia ujisomee: "Papa, furahi. Maharagi meusi uliyonipa kutoka shamba lako yameua seli saba za kansa juu ya kumi, kwa siku mbili tu. Sijaona dawa ya dukani inayofanya vile. Dunia itajua jina la Kingi."

Kisahani ya plastiki iko wapi humo? Nimetafuta mistari yote. Mimi uliniandikia kisahani. Papa haukumuandikia kisahani.

Ngojea, haijaisha. Katembo akaniambia tena kwamba mwezi wa nane, dokta alipokwisha kutoa siku, Papa aliandika barua pale pale ku meza ya duka. Alimuomba amusaidie maneno, kwa hiyo Katembo anajua ilikuwa na swali moja: mutoto wangu, niache wanipasue, ao niendelee na yako? Barua ikaenda na shoferi wa Katembo mpaka Goma, na Goma mpaka kwako. Siku ya soko iliyofuata, Papa akakuya kuuliza jibu. Hakuna. Soko ya pili, hakuna. Alikuwa anaikaa upande ku pikipiki juu ya maumivu, anashuka, anauliza, anapanda tena. Soko ya tano njo wiki ya operesheni ilipita. Ku soko ya saba jibu yako ikafika. Katembo anasema Papa aliisoma peke yake, akacheka, akaiweka ndani ya koti, akanunua sukari.

Ile koti njo tulimuzika nayo. Karatasi ilikuwa ndani ya mufuko na hakuna mutu aliyeisoma.

Sasa utaniandikia ulimujibu nini. Neno kwa neno. Na utaniambia juu ya nini ulikaa wiki saba. Usiniletee barabara ya Sake, mwaka ule barabara ilikuwa wazi na barua zingine zako zilifika siku ine.

Vestine


Kampala, tarehe 4 Agosti 2024

Dada Vestine,

Estelle na mutoto ni wazima. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana.

Barua ya Papa ilinifikia siku tano baada ya kuandikwa. Jibu nililijua siku ile ile. Jibu lilikuwa: Papa, enda wakupasue, usingoje hata siku moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua.

Nitakuambia kisahani ni kitu gani, juu sikumuambia yeye. Tunaotesha seli za kansa ndani ya kisahani, peke yake, bila damu, bila ini, bila tumbo. Tunazimwagia rangi ya maganda tuliyoikamua na pombe kali mpaka imekuwa nzito, kipimo ambacho mutu hawezi kukipata hata akimaliza gunia zima. Zinakufa, ni kweli. Na maji ya moto pia yangeziua. Chakula kikipita ndani ya mutu, tumbo linakigeuza, ini linakigeuza, kinachofika kwenye kansa ni kidogo sana, na hakuna anayejua bado kitafanya nini pale. Hayo yote nayaandika kila siku kwa Kifaransa na Kiingereza, katika kitabu changu. Kwa Papa niliandika: furahi.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Maganda makavu ni nyuzi. Kama njia ya utumbo imekuwa nyembamba juu ya uvimbe, nyuzi zile zinajaa nyuma yake na kuziba. Nilijua hilo pia.

Unauliza juu ya nini wiki saba. Juu Papa aliniandikia kwamba alisoma barua yangu kanisani Kashebere, baada ya matangazo, na watu walipiga makofi. Aliniandikia kwamba mara ya kwanza maishani mwake wakubwa walisimama kumupa kiti. Nikichukua kalamu kumuambia enda wakupasue, ninamuambia vilevile mutoto wako hana dawa, keti chini. Nilikuwa na haya, Vestine. Nilisema wiki hii nitatafuta maneno mazuri. Wiki ikapita. Kisha tarehe ya operesheni ikapita, na haya ikageuka woga.

Nilichomujibu ni hiki, neno kwa neno: "Papa, poda haina mubaya, endelea nayo. Mambo ya operesheni tutaongea nikikuya Noeli. Usiwe na mashaka."

Katembo hana kosa. Nilimujua kwa barua za Papa, njo maana nilimutetea. Muambie Mama Kavira aache poda hiyo leo, na apelekwe kwa dokta.

Siku ya kilio nitafanya kila njia nifike. Nitasema mwenyewe mbele ya wote.

Séraphin


Kingi, tarehe 25 Agosti 2024

Séraphin,

Barua yako ilifika siku ya Ine, na kilio tuliondoa siku ya Posho, njo jana. Ungetaka kuongea mwenyewe mbele ya watu, na machozi, na Kifaransa kidogo, wakubwa wakakuonea huruma. Hapana. Desturi inasema mutoto wa kwanza njo anajibu.

Watu walikuwa wengi mpaka ku shamba. Tulipika maharagi, ile ya rangi ingine. Nyeusi nimeing'oa yote, mbegu nimeitupa ku choo, Mama Constance akalia akasema ni zambi kutupa chakula. Acha ikuwe zambi yangu.

Katembo alikuya na mama yake. Nilimupokea mbele ya wote, nikamuambia nilikusingizia, unisamehe, nikamupa chumvi na mukono yangu. Mutu mukubwa vile, akalia sawa mutoto. Alikuwa amechana ile karatasi ya ukuta na kumwaga makopo yote ku muto. Mama Kavira alifika kwa dokta tangu mwezi wa saba, ilikuwa kidonda ya tumbo tu, anapona.

Kisha baba mudogo Floribert akauliza: nani iko na neno juu ya kifo hiki? Wote wakaangalia Katembo, juu walikuwa wananisikia tangu mwezi wa tatu. Nikasema: Séraphin, mutoto wa Léonard. Nikawasomea barua zako mbili, ile ya kufurahi na ile ya haya. Wale wa Kashebere waliopiga makofi kanisani walikuwa pale. Baba mudogo akaniuliza mara ya pili, alitaka kunipa njia ya kurudi. Nikasema tena: Séraphin.

Kisha nikanyoa.

Usikuye Noeli. Moto hautapewa, chumvi hautapewa, na kaburi ya Papa ina watu wa kuilinda. Mutoto wako hana kosa, akikua atakuya, nitamuonyesha.

Nilifikiri nitasikia vizuri ndani ya roho. Nasikia vizuri.

Vestine


Kampala, tarehe 22 Septemba 2024

Dada Vestine,

Nimepokea. Sina la kubishana. Estelle alilia, mimi hapana.

Lakini kuna neno moja katika barua yako ya mwezi wa sita, nimelisoma leo mara nyingi: damu kwenye choo, tangu Pasaka. Sikulisikia mbele, juu nilikuwa najificha. Dada, mama ya Papa alikufa na tumbo. Papa amekufa na tumbo. Ugonjwa huu unaweza kutembea ndani ya jamaa. Hiyo si hasira, na minyoo sitaki uamini mpaka waangalie.

Safari hii sikuchelewa, barua yako imeingia jana, najibu leo, bila maneno mazuri. Enda Goma sasa. Uombe waingize kamera ndani ya utumbo. Wakiona kitu mapema wanakikata na mutu anaishi. Usikunywe poda ya mutu yeyote, wala maji ya majani, hata wakisema savant amehakikisha.

Jina langu ulilotaja mbele ya watu liache lilivyo. Nijibu tu umeenda.

Séraphin


Kampala, tarehe 20 Oktoba 2024

Vestine,

Sijapata jibu. Nimemuuliza kila shoferi. Umeenda? Nakuomba kwa jina la Papa, andika neno moja nyuma ya karatasi hii na uirudishe.

S.


Kingi, tarehe 21 Novemba 2024

Mudogo wangu Séraphin,

Nakusalimu sana, wewe na Estelle na mutoto. Najua sasa meno yake imefika sita ao nane, mumupe kitu ya kutafuna. Huku tuko. Mvua ya mwaka huu ni ya kusifiwa, nimepanda maharagi nyekundu ku shamba yote ya Papa na inaota sawasawa. Mama Constance kikohozi imemuacha, sasa analalamika magoti. Ile mbuzi imezaa tena, na safari hii wote wawili wanaruka. Katembo alikuya kututembelea na sabuni na chumvi, anasema ku Kashebere watu bado wanamuuliza poda, na yeye anawafukuza.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ya pili ilifika mbio, pongezi, umejifunza.

Nilienda Goma, kwa mashua. Siku tatu bila kula, walininywesha maji yenye chumvi mpaka nikatamani kufa, na ile kamera waliingiza kwenye siwezi kukuandikia, wewe ni mwanaume na mimi ni dada yako. Dokta ni mwanamuke, kijana, mpole. Alikata kipande akapeleka ku labo, nikalala kwa rafiki nikingoja. Kisha aliniita ndani, akafunga mulango, akaniambia yote polepole kwa Kiswahili, na akaniandikia karatasi.

Karatasi ninayo. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Najua uko unaishika barua hii na mikono miwili sasa, unaruka mistari, unatafuta. Usiruke. Haiko humu. Nimeandika kila kitu ya nyumba hii, mpaka magoti ya Mama Constance, na ile sitaiandika leo. Usiulize mashoferi, nimewakataza. Usimuandikie Katembo, hajui. Usifikiri nimesahau ao barabara imefungwa. Jibu ninayo hapa, tayari, fupi, na nimekaa nayo kwa kupenda.

Leo ni siku ya soko ku Kashebere. Hii njo ya kwanza ya zile saba.

Mimi dada yako,
Vestine